Gunia Mgongoni mwa Marashi

Utenzi ulikuwa umefika ubeti wa arobaini na moja siku niliponusa ule uvundo. Nilikuwa nimeketi barazani, daftari gotini, nahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa vidole kama nilivyofundishwa utotoni. Marashi, punda wangu mzee, alikuwa amefungwa uani chini ya mwarobaini, mgongo umefunikwa gunia. Nikadhani ni samaki wa jirani, nikaandika ubeti mwingine. Upepo wa kaskazi ukageuka, uvundo ukarudi na nguvu zaidi, na safari hii ulitoka uani kwangu mwenyewe. Nikaweka kalamu, nikaenda, nikafunua gunia.

Halikufunuka. Lilikuwa limegandamana na nyama, ikabidi nililoweshe maji kwanza na kulibandua kidogo kidogo. Kidonda kilikuwa pale shingo inapokutana na mgongo, upana wa kiganja changu, katikati pamebonyea, na funza walikuwa wameshaingia. Marashi hakupiga teke wala hakulia. Alilaza masikio nyuma kidogo, akatizama ukuta.

Utenzi ule niliokuwa nautunga ulikuwa wa marehemu baba yangu, wa kusomwa kwenye hauli yake ya kwanza, yaani kisomo cha kumkumbuka kila mwaka, Januari 2021. Ndani yake nilikuwa nasifu huruma yake kwa wanyama. Siku tisa nilikuwa nimeketi hapo barazani nikitafuta maneno mazuri ya huruma, na hatua kumi na tano kutoka kwangu punda wa baba alikuwa anaoza akiwa hai.

Baba alikuwa mchukuzi hapa Lamu. Mji mkongwe wetu hauna gari, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Kila kilichojenga nyumba hizi kilipita mgongoni mwa punda au begani mwa mtu: mawe ya matumbawe, boriti, chokaa, siku hizi saruji na nondo. UNESCO ilipouweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 zilifuata hoteli na nyumba za kukarabatiwa, na kazi ya punda ikazidi. Wageni husema punda ni pambo la Lamu. Na ni kweli, Qur'ani yenyewe imewataja farasi, nyumbu na punda kuwa wameumbwa tuwapande na wawe pambo. Lakini kwa baba punda alikuwa unga wa jioni, karo, na kanzu mpya ya Idi. Alikuwa na punda watano, na watano hao ndio waliotusomesha.

Kila jioni akirudi hakuingia ndani. Alifungua shogi za kubebea mizigo, akazitundika, kisha akashika kandili na kuanza: kwanza macho, halafu mgongo, mwisho kwato. Mgongo aliukagua kwa kiganja kilichofunguka, polepole, kutoka shingoni hadi mkiani, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Mimi ndiye niliyeshika kandili. Nilipochoka na kulegeza mkono aliniambia kwa Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu, ambamo macho ni mato na kuchelewa ni kutelewa, "Tizama mato, mwanangu. Punda hasemi. Ukingoja aseme umetelewa."

Hilo la kutosema madaktari wa wanyama nao wanalijua vizuri. Punda anaficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo atagaagaa na kutoka jasho, lakini punda mwenye tatizo lile lile anaweza kusimama tu ameinamisha kichwa, na mwenye punda akasema leo kapoa. Kule porini Afrika ya Kaskazini Mashariki, walikotoka punda wote wa kufugwa, anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Ukimya wake ni silaha ya kale. Kwa bahati mbaya anaishi nasi, na sisi ukimya tunausoma kuwa ni afya.

Marashi alizaliwa mwaka 1997, wakati wa mvua kubwa za El Niño. Jina alilipata kwa kuiba asumini za jirani. Aliingiza kichwa juu ya ukuta mfupi, akala maua, na akirudi pua yake yote inanukia. Baba alicheka mpaka akaketi chini. Ndiye punda niliyempanda kwenda Shela kuchota mchanga, kilomita tatu ufukoni, mimi juu ya shogi tupu na baba akitembea mbele. Na hapo ndipo nilipojifunzia ushairi, nasema bila kutia chumvi. Punda akienda mwendo wa kawaida kila kwato hugusa chini kwa zamu yake, nne, kisha nne tena. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Tulikuwa tunahifadhi kasida na tenzi chuoni, yaani madrasani, na mimi nilizihifadhi juu ya mgongo ule, hatua nne na hatua nne, na mahali ambapo ulimi wangu ulikosa silabi mguu wa Marashi uliniambia. Mpaka leo nikisoma shairi lililopungua mizani huhisi kama mnyama amejikwaa.

Baba alipofariki, mwanzoni mwa 2020, kaka zangu waliuza punda wanne. Marashi hakununulika kwa uzee. Baba alikuwa ameshampumzisha mizigo ya mawe na mchanga miaka mingi. Alimbebesha majani na madumu mawili ya maji tu, ili asijione hana kazi. Nikamwomba, nikapewa. Nililia siku ile kwa furaha na kwa uchungu pamoja.

Kisha nikamkodisha. Fundi mmoja alikuwa na nyumba ya kumaliza, akaniomba punda kwa wiki mbili, na mimi nilikuwa na deni. Marashi alikuwa na umri wa kama miaka ishirini na tatu, nami nikampeleka kubeba mchanga. Aliporudishwa gunia lilikuwa mgongoni. Yule mtu akasema, "Ana mchubuko kidogo, nimempaka dawa, usimfunue inzi wasimsumbue." Nikashukuru, nikamfunga, nikampa maji na pumba, nikarudi kwenye daftari. Kila asubuhi niliweka maji. Kila asubuhi nililiona gunia.

Kuhusu ibada zangu za wakati ule, nitasema ukweli kama nilivyousema kwa Mola wangu. Swala tano zilikuwa kwa wakati. Ndizo zilizokuwa zimenidanganya. Nilikuwa naswali kwa mdomo na mgongo, moyo umekaa barazani na utenzi. Tumekatazwa kusujudu kama kunguru anavyodonoa, na mimi nilidonoa. Kuna alasiri nilikuwa kwenye sijda, paji liko mkekani, na nikagundua kwamba ninachofanya pale chini ni kutafuta kina cha li. Kituo cha utenzi wote, yaani kina kinachofunga kila ubeti, kilikuwa li, na nilikuwa nimeishiwa. Niliinuka nikiwa nimekipata. Nikafurahi! Hata sikuona aibu.

Usiku ule wa gunia ndipo aibu ilipokuja, na ilikuja kwa njia ya hadithi niliyoisikia tangu utotoni: ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Tulipokuwa watoto tulimwona kuwa mwanamke katili, mtu wa mbali, na sisi hatuna neno naye. Paka wa sokoni tunawatupia vichwa vya samaki, na tunajua kuwa Abu Huraira, mpokezi mkubwa wa hadithi, aliitwa hivyo kwa kupenda kipaka chake. Usiku ule nilisikia neno moja tu katika hadithi nzima: alimfunga. Kamba ya Marashi nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu.

Alfajiri tulikwenda naye zahanati ya punda, polepole ufukoni kabla jua halijapanda. Iko hapa tangu mwaka 1987, imewekwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, na matibabu yake ni bure. Baba alikuwa mteja wao wa miaka mingi, hivyo walimjua Marashi kwa jina. Daktari alisafisha, akakata nyama iliyokufa, akaosha tena. Kisha akachukua kadi, akaniuliza, "Siku ngapi, mama?" Nikamjibu. Akaandika 9, akaendelea na kazi yake bila kunitizama. Nimeandika kurasa nyingi maishani mwangu, sijawahi kuona wino mzito kama ule.

Alimdunga pia chanjo ya pepopunda. Nilitizama bomba la sindano na neno lile likanikaa kichwani njia nzima tukirudi. Pepopunda. Ugonjwa huu unamkaza mtu misuli na taya, unaua watoto wachanga na watu wazima, na sisi tumeupa jina la punda, kumbe punda na farasi ni katika wanyama wanaoudhurika nao kwa wepesi zaidi. Viini vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi, huingia kwa kidonda. Mgonjwa tumemfanya kuwa ndiye ugonjwa.

Nikaanza kukumbuka mengine. Shukrani ya punda ni mateke. Punda afe, mzigo ufike. Mtu mpumbavu tunamwita punda, mtu anayefanyishwa kazi bila kulalamika tunamwita punda, na anayelalamika pia tunamwita punda. Mimi mwenyewe, katika shairi la mwaka 2014 lililosomwa kwenye harusi na kupigiwa vigelegele, niliwausia wanaharusi wasiwe "kama punda asiyejua la shukrani". Mtoto wa mchukuzi! Nilipanda mgongo ule kwenda kujifunza mizani, kisha nikaitumia mizani kumtukana. Na sikuwa na chuki naye, hiyo ndiyo ajabu. Methali ilikuwa tayari, mdomo ukaitoa, jicho halikuulizwa. Baba alikaa na punda miaka hamsini na mateke aliyopigwa yanahesabika kwa mkono mmoja, yote na punda waliokuwa wameumia.

Nilikwenda kwa mzee aliyetusomesha chuoni. Naye ni marehemu sasa, Mola amrehemu. Nilitaka kumuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu utoto, kwamba tumefundishwa tukisikia punda akilia tuombe hifadhi, kwa kuwa ameona shetani. Sisi watoto tulilifahamu kwa namna yetu: punda akilia tulimrushia mawe. Na Luqmani alipomuusia mwanawe ateremshe sauti, alimwambia sauti inayochusha kuliko zote ni ya punda. Je, huyu mnyama amelaaniwa?

Mzee alitulia sana, tasbihi ikipita vidoleni. Kisha akasema, "Mwanangu, mlinzi akiona mwizi akapiga ukelele, wewe unampiga mawe mlinzi?" Akaendelea kusema kwamba Luqmani alikuwa anamuusia binadamu, punda hakuambiwa ashushe sauti, maana sauti yake ndiyo aliyopewa. Akanikumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipanda punda, na kwamba siku moja alimpakia Muadh nyuma yake juu ya punda aliyeitwa Ufair, na hapo juu ya mgongo wa punda ndipo alipomfundisha haki ya Mwenyezi Mungu kwa waja na haki ya waja kwa Mwenyezi Mungu. "Jina la punda limehifadhiwa," akasema. "Miaka elfu na mia nne. Hao wapokezi waliona linafaa kuhifadhiwa."

Nilitoka pale nimeshika hilo la mlinzi kwa mikono miwili. Anayeona ndiye anayepiga ukelele. Na mimi, niliyejiita mshairi, nilikuwa na sauti nzuri isiyoona kitu.

Matibabu yalichukua karibu miezi mitatu. Kidonda cha mahali pale kinapona kutoka ndani kuja nje, na ukikiharakisha kikafunga juu kabla ya wakati kitatunga usaha chini. Niliamka kabla ya adhana, nikachemsha maji na chumvi, nikayaacha yapoe huku natia udhu, kisha nikaenda uani na taa. Nilipiga magoti kwenye ngazi ndogo ya mawe ili nifikie. Mkono mmoja ubavuni mwake aujue ulipo, mwingine unamimina. Ukiwa na haraka yeye anajua kabla yako: ngozi inatetemeka, anasogea hatua moja, maji yanamwagika chini, unaanza upya. Siku za mwanzo nilianza upya mara tatu, mara nne, na adhana inaingia sijamaliza. Nilikasirika, kisha nikachoka kukasirika. Kulikuwa hakuna njia nyingine ya kuifanya kazi ile isipokuwa kuwa pale. Kina cha li hakikupata nafasi. Nilisikia pumzi yake, nikaona ukingo wa kidonda umesogea kiasi cha punje ya mchele, rangi ya waridi badala ya kijivu, na nikasema alhamdulillahi kabla sijajua kwamba nimeisema.

Sikumbuki ni wiki ya ngapi. Nilimaliza, nikanawa, nikaingia kuswali alfajiri, na nilipofika kwenye rukuu nikatambua kwamba bado niko pale. Maneno niliyoyasoma tangu nikiwa na miaka saba yalikuwa yanapita moja moja, kila moja na uzito wake, kama kwato. Masheikh huita hali hiyo khushuu, na wameandika mengi juu yake ambayo mimi sina elimu ya kuyaongeza. Najua tu kwamba niliitafuta miaka mingi kwa kukaza macho na kufunga moyo kwa nguvu, na ilinijia kupitia maji ya chumvi. Haikukaa. Kesho yake ilikuja kidogo, keshokutwa haikuja kabisa. Lakini nimeshaijua harufu yake.

Hauli iliwadia katikati ya hayo. Niliwaambia kina mama ukweli wote: siku tisa, gunia, funza. Nikasema utenzi hauko, nimeufuta. Wengine walinihurumia, mmoja alinikasirikia, na alikuwa na haki. Bibi mmoja mkongwe wa mtaani, ambaye mumewe na baba walichukua mizigo pamoja, akasema, "Basi tusomee hicho cha punda." Nikamjibu sijakiandika. "Utakiandika," akasema, kisha akaomba buni ipitishwe.

Nilikiandika taratibu, asubuhi baada ya uani, kurasa mbili za daftari halafu basi. Nitaweka hapa ubeti mmoja wa utenzi wa kwanza, ili anayejifunza kutunga aone:

Baba mja wa imani,
mwenye huruma moyoni
kwa viumbe duniani,
alikuwa mkamili.

Vina vimetimia, mizani nane kila mshororo, na hamna mtu ndani. Ni baba wa nani? Anaweza kuwa wa yeyote. Huruma iko moyoni, mahali ambapo hakuna anayeweza kuiona, na viumbe wako duniani, mahali ambapo hakuna anayeweza kuwafikia. Huu hapa ulioingia badala yake:

Baba ajapo jioni
hapiti hata chumbani,
huanza kwao uani
kwa kiganja na kandili.

Neno huruma halimo, na nilikuwa nimelipenda sana neno lile. Na huu wa Marashi ulikuja baadaye, nimepiga magoti pale pale kwenye ngazi, nikaurudia kwa sauti usinipotee mpaka nikafikia kalamu:

Kasimama kivulini,
kidonda kipo begani,
inzi wamo kidondani,
naye hatoi kauli.

Kile kina cha li kilichonitesa kwenye sijda kilikuwa kimesimama uani siku zote, kinangoja nikitizame.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa mwanamke mmoja niliyekutana naye Naivasha mwaka 2019. Wakati ule habari ya ngozi ilikuwa imeshika nchi. Kenya iliruhusu punda achinjwe kisheria mwaka 2012, machinjio ya kwanza yakaanza kazi 2016, ngozi zikawa zinakwenda China kuchemshwa gundi ya dawa iitwayo ejiao, na bara watu wakaanza kuamka asubuhi na kukuta punda wao wamechunwa vichakani. Sisi kisiwani bahari ilitukinga, lakini kila mwenye punda alisikia baridi mgongoni. Mwanamke huyu alikuwa akiuza maji kwa madumu, punda wawili na mkokoteni. Waliibwa usiku mmoja. Alinisimulia bila machozi, na aliposimulia kuchunwa kwao nilichukua kalamu, nikaandika kila kitu. Mwishoni akaongeza, kama jambo lisilo na maana, kwamba mwezi mzima baadaye aliendelea kutoka nje alfajiri na ndoo ya pumba, anafika mlangoni, anasimama, kisha anakumbuka.

Hilo sikuliandika. Nilirudi Lamu nikatunga shairi la hasira lenye damu, visu, mabepari na ngozi, likasifiwa sana, na ile ndoo haikuwamo. Serikali ikapiga marufuku machinjio Februari 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021, na kila mara mtu aliniomba nilisome tena shairi lile. Siku hizi silisomi. Si uongo, yaliyomo yalitokea. Lakini nilipewa ndoo ile mkononi nikaiweka chini.

Marashi aliishi miaka mitatu zaidi. Mahali pa kidonda paliota manywele meupe, duara moja jeupe juu ya kijivu, na hakubeba kitu tena isipokuwa watoto wa mpwa wangu, mmoja mmoja. Asubuhi nilimsomea nilichoandika. Najua hakufahamu Kiswahili cha tenzi. Lakini nikisoma mbele yake sauti yangu hushuka, hukataa kujipamba, na ubeti unaotaka kupigiwa makofi hujulikana hapo hapo. Mbele za watu naweza kuuficha, mbele yake siwezi. Tumeambiwa hakuna mnyama atembeaye ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila ni umma kama sisi. Nilikuwa naisoma aya hiyo kwa haraka, nikielekea zile zinazotuhusu. Sasa hunisimamisha: umma, kwa maana wana mambo yao na Muumba wao ambayo hayapiti kwangu, na mimi kwenye mambo hayo ni mgeni mlangoni.

Alikufa Februari 2024, mwezi wa Shaabani, ndani ya wiki ile ile redio iliyotangaza kwamba wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wamekubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Nilitamani baba asikie. Nilitamani mwanamke wa Naivasha awe karibu na redio. Marashi alilala chini ya mwarobaini jioni na asubuhi hakuinuka. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea mlango wa jikoni, ninakotokea na maji. Vijana walinisaidia kumpeleka nje ya mji kwa mkokoteni, tukamzika mchangani. Sikuandika kitu siku arobaini.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Asubuhi moja baada ya Idi nilijikuta uani gizani. Taa inawaka, maji yamechemka yamepoa, na mkononi nina ndoo ya pumba. Nilisimama pale muda mrefu. Kamba bado ilikuwa imening'inia kwenye mti.

Kichochoroni nikasikia kwato, nne na nne, na mluzi wa kijana. Nikafungua mlango wa nje. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne hivi, anawahi gati kupakua saruji, na punda wake jike mdogo mwenye masikio makubwa amefunikwa gunia jipya mgongoni.

"Mwanangu, hebu ngoja kidogo."

"Nimechelewa, bibi."

"Ni kidogo tu."

Nikaweka ndoo chini, punda akainamisha kichwa ndani yake. Nikampa kijana taa anishikie. Nikaweka mkono mmoja ubavuni mwa punda aujue ulipo, na kwa mwingine nikalishika gunia pembeni, nikalifunua taratibu kutoka shingoni kwenda mkiani. Manywele yalikuwa makavu, yamelala upande mmoja. Nikapitisha kiganja. Kijana aliinua taa juu zaidi bila kuambiwa, akainama kuangalia.